Yule "mwanasayansi wa Uingereza" anayezunguka kwenye magrupu yetu: nimeifuatilia sanadi yake (uzi mrefu)

#1 Mwanachuo wa Mkunazini

Assalaam alaykum. Uzi huu mrefu, na nimeuandika na moyo mzito, kwa hiyo naomba mnivumilie. Mwenye haraka apite, akipata nafasi arudi.

Ami yangu yuko Wete. Umri wake umepita sitini, presha anayo tangu mie niko skuli, na kidonge chake cha asubuhi alikuwa hakumbushwi na mtu. Wiki tatu nyuma mkewe kanipigia simu baada ya isha, anazungumza kwa kunong'ona. Ami kazikusanya dawa zake zote, kazitia mfukoni, kazitupa jaani. Hamezi tena. Kaletewa klipu kwenye grupu la familia, na aliyeileta ni kijana wetu wenyewe.

Nikaiomba. Ni ya dakika nne na kitu. Mzee wa kizungu, nywele nyeupe zimemshuka mpaka mabegani, anazungumza pole pole, na juu yake imewekwa sauti ya Kiswahili kizuri, cha mtu aliyesoma. Chini pameandikwa kwamba huyu ni mwanasayansi mkubwa wa Uingereza anayefichua siri. Sauti inasema korona ilikuwa ni mawimbi ya simu za 5G, chanjo ni mpango wa kuwapunguza watu, na vidonge vya presha na sukari ni mpango huo huo: mtu afe kidogo kidogo huku mwenyewe anailipia. Mwisho inatajwa chupa ya dawa ya majani na namba ya kuagizia.

Sasa ami si mjinga, na sitaki mtu aandike neno hilo kwenye uzi huu. Ami ndiye aliyenishika mkono kunipeleka chuoni. Ndiye aliyekuwa akinikalisha ukumbini baada ya maghrib, nikimsomea hadithi niliyohifadhi, na yeye kabla hajaniuliza maana yake ananiuliza: "Kapokea nani, kwa nani?" Nikikosa jina moja katikati, basi, hadithi yote inarudi kwa mwalimu.

Kwa hiyo nikasema nitamtizama huyu mzungu kwa jicho alilonipa ami mwenyewe. Sanadi kwanza, yaani mnyororo wa waliopokezana khabari; matini, yaani maneno yenyewe, baadaye. Huyu mpokezi ni nani? Kasoma wapi? Aliwahi kusema nini kabla ya hili, na lilikuwa kweli?

Mtu huyu anaitwa David Icke. Kazaliwa Leicester, Uingereza, tarehe 29 Aprili 1952. Mwanasayansi si yeye, hajapata kuwa, na hata yeye mwenyewe hajidai kuwa. Alikuwa golikipa.

Aliacha skuli na miaka 15 kwenda kuchezea timu ya vijana ya Coventry City, kisha Hereford United, na alikuwamo msimu wa 1972/73 timu hiyo ilipopanda kutoka daraja la nne. Maradhi ya viungo, yale baridi yabisi ya kufura magoti na mikono, yakamtoa mpirani na miaka 21 tu. Hapa nimemhurumia, nasema kweli. Kijana wa miaka 21 anaamka asubuhi hawezi kukunja vidole, na kazi pekee aliyoijua ni kudaka mpira.

Akaingia uandishi wa habari, gazeti dogo la kwao, redio, mpaka akafika BBC kutangaza michezo kwenye televisheni. Mwaka 1982 alihamia Ryde, kwenye kisiwa cha Wight, kisiwa ambacho hakifiki hata nusu ya Pemba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 akawa msemaji wa chama cha Kijani, chama cha watu wa mazingira, na 1989 chama hicho kilipata takriban asilimia 15 ya kura za Uingereza katika uchaguzi wa bunge la Ulaya. Nayasema haya kwa sababu wanaomcheka tu huwa wanayaficha. Alikuwa mtu wa maana, anajulikana majumbani. Na ule utulivu wake unaomvuta ami, ile sauti isiyopanda wala kushuka, ile namna ya kuitizama kamera kama anakutizama weye peke yako, ni ufundi wa kazi. Kaufanyia kazi miaka kwenye televisheni. Mtangazaji wa mpira akikwambia matokeo kwa sauti ile unamwamini, na sauti imebaki ile ile hata mambo anayoyasema yalipobadilika.

Yalibadilika 1990. Mkataba wake wa BBC ulikwisha mwaka huo. Akamwendea mwanamke mmoja mganga wa mambo ya roho, Betty Shine, akimtafutia dawa ya viungo vyake, na akatoka kwake na khabari kwamba yeye ameteuliwa kuiponya dunia. Mwanzoni mwa 1991 akaenda Peru, kwenye makaburi ya kale ya Sillustani, akasema kitu kilimwingia mwilini. Alivyorudi alivaa rangi ya feruzi tu, na mwezi wa Machi akaita waandishi wa habari.

Jamani, hapa ndipo penye mizani. Aliwaambia kwamba New Zealand itatoweka, Los Angeles itakuwa kisiwa, na majabali ya Kent yatafunikwa na bahari kabla ya Krismasi. Na kwamba dunia itakwisha 1997.

Krismasi ya 1991 ikaja, majabali yapo. 1997 ikaja, ikapita. New Zealand ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia la wanawake 2023, pamoja na Australia.

Tarehe 29 Aprili 1991, siku aliyotimiza miaka 39, alihojiwa na Terry Wogan kwenye kipindi kilichokuwa kikitazamwa na nchi nzima, na huko alijitaja kwa maneno ambayo kwa Kiswahili chetu siwezi kuyaandika bila ya kumuomba Mola msamaha: mwana wa Uungu. Baadaye alidai watu hawakumfahamu. Ukumbi ulimcheka. Mie sikucheka nilipoitizama, ilinitia huzuni.

Tangu hapo kaandika vitabu zaidi ya ishirini. Mwaka 1999 ndipo alipokuja na kauli inayomtambulisha mpaka leo: dunia inatawaliwa na viumbe mfano wa mijusi, wenye asili ya nje ya dunia, wanaojibadilisha sura wakawa wanaadamu, na ukoo wa kifalme wa Uingereza ni miongoni mwao. Watu wanamlipia. Oktoba 2012 alizungumza Wembley Arena, London, kiasi cha saa kumi.

Basi turudi kwa ami. Wanavyuoni wa wapokezi wanalo daraja la mtu aliyekuwa mwaminifu, kisha akachanganyikiwa. Wanasema kilichopokewa kwake kabla hakijamfika kikubaliwe, kilichokuja baadaye kiachwe. Icke akinipa matokeo ya mpira ya 1985 nitayachukua. Kwa khabari ya dawa ya ami yangu, huyu si mpokezi.

Nitaendelea kesho, kuna jambo jengine kwenye ile klipu nataka nilihakikishe kwanza.

#2 Nahodha wa Mkoani

Waalaykum salaam. Ndugu yangu, nimeusoma wote na naheshimu juhudi. Lakini umeacha mambo matatu. La kwanza, ukiondoa hayo ya mijusi, mangapi kasema na tukayaona? Wakubwa kupanga mambo gizani, kampuni za dawa kupenda pesa kuliko watu, hayo ni uongo? La pili, mtu huyu anawasema Mazayuni wazi wazi wakati wengine midomo imeshonwa. La tatu, kama ni muongo kwa nini wamemfungia kila pahala? Muongo anaachwa aseme, watu wanamcheka, basi. Anayefungwa mdomo ni anayesema kweli. Sisi Wazanzibari ndio wa kwanza kulijua hilo.

#3 Baraza la Kahawa

Mie nauliza tu, hiyo ya mijusi kasema kweli au ni watu wanamzulia? Maana kijana wangu kila siku ananionesha klipu zake na hiyo hajapata kunionesha hata moja.

#4 Mwanachuo wa Mkunazini

@Baraza la Kahawa, kasema, kaandika, kairudia miaka zaidi ya ishirini. Hakuna anayemzulia. Na umegusa penyewe mzee wangu: klipu zinazotufikia zimechaguliwa. Anayezikata anajua kwamba akileta ya mijusi watu wa Unguja na Pemba watazima simu, basi analeta ile ya chanjo na ile ya Palestina.

@Nahodha wa Mkoani, maswali yako ni ya haki, nitayajibu moja moja.

La kufungiwa. Ni kweli. Australia ilimfutia viza 2019, Facebook na YouTube zikazifuta kurasa zake mwanzoni mwa Mei 2020, na Novemba 2022 Uholanzi ikamzuia kuingia alipotaka kwenda kuhutubia maandamano Amsterdam. Mie binafsi sikupenda. Kumfungia kumempa taji ambalo kwa hoja zake asingelipata, na hilo swali lako ndio ushahidi. Lakini ndugu yangu, kufungwa mdomo hakuthibitishi kitu upande wowote. Wamefungwa wakweli na wamefungwa wezi. Kipimo kinabaki pale pale, kwenye lile alilolisema.

Basi tulipime moja. Aprili 2020 alihojiwa na stesheni ya televisheni ya London, akaunganisha korona na 5G, na mamlaka ya utangazaji ya Uingereza ikaitia hatiani stesheni hiyo. Wakati huo huo watu kule walikuwa wanaichoma moto minara ya simu. Sasa njoo nyumbani. Mgonjwa wa kwanza wa korona Zanzibar alitangazwa Machi 2020. Huduma ya 5G ya kibiashara Tanzania ilizinduliwa Septemba 2022. Baina ya hapo na hapo ni miaka miwili na nusu! Watu wetu waliougua 2020 na 2021 waliuguzwa na mawimbi ya mnara ambao haujajengwa? Hili halitaki sayansi, linataka kalenda.

La wakubwa kupanga gizani. Hapa tuko pamoja, na nakuongezea yaliyothibiti. Kule Tuskegee, jimbo la Alabama, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende kuanzia 1932 mpaka 1972, ikawanyima penisilini nayo ipo, ili ione maradhi yatakavyowafanya. Na 2011 shirika la ujasusi la Marekani lilitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini kule Abbottabad, Pakistan, kumtafutia njia ya kumpata Osama bin Laden. Lilikuwa jambo ovu, limewaponza watoa chanjo wasio na hatia na limetia shaka mpaka vijijini kwetu. Sitamlaumu mama wa Micheweni anayeuliza mara mbili kabla mwanawe hajachomwa sindano.

Ila tizama hizo siri zilitokaje. Ya Tuskegee ilitoka Julai 1972 kwa mwandishi wa shirika la habari la AP, kwa nyaraka na mtu wa ndani anayejulikana jina lake. Ya Abbottabad ilitoka Julai 2011 kwenye gazeti la Guardian. Zote zina sanadi. Fulani kapokea kwa fulani, na karatasi hii hapa. Icke wala hakuzileta yeye.

La Palestina ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu najua ndilo lililomfungulia mlango nyumbani kwa ami. Watu zaidi ya laki saba walitolewa makwao 1948. Hilo lina majina, vijiji, funguo za nyumba, hati za ardhi. Haki hiyo haihitaji shahidi wa uongo, na kadhi akimkuta shahidi wa uongo upande wako, anakuvunjia kesi yako mwenyewe.

Kwa nini nasema shahidi wa uongo? Vitabu vyake vya 1994 na 1995 vimejengea hoja juu ya maandiko yanayoitwa Itifaki za Wazee wa Sayuni. Mchapishaji wake mwenyewe alikataa kukitoa hicho cha 1995, akakichapisha mwenyewe. Haya, tuitafute sanadi ya hizo Itifaki. Zilitokea kwenye gazeti la Urusi 1903, hazina mwandishi, zinadai ni siri za Mayahudi za kuitawala dunia. Agosti 1921 mwandishi wa The Times ya London aliyekuwa Istanbul, Philip Graves, akaziweka ukurasa kwa ukurasa na kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha 1864. Zimenakiliwa! Joly alikuwa anamsema mfalme wake, Napoleon wa Tatu, na Mayahudi hakuwataja kabisa. Mtu kachukua kejeli ya siasa ya Ufaransa, kabadilisha majina, kaifanya wahyi wa shetani. Kwa istilahi ya chuoni, hii ni maudhui, yaani khabari ya kutungwa tangu herufi ya kwanza. Icke hujitetea kwamba hakusudii Mayahudi wote, anakusudia kundi la siri nyuma yao. Sawa, lakini anasimamia karatasi ya uongo ile ile. Na Suratul Maida imetukataza chuki ya watu isitutoe kwenye uadilifu. Tunaisoma kila Ramadhani.

#5 Binti Mtambwe

Mie si mwandishi mrefu. Mnaosema korona haikuwepo, au ilikuwa mawimbi: mwisho wa Januari 2021 chama cha ACT Wazalendo kilitangaza kwamba mwenyekiti wao, Maalim Seif, kapimwa kakutikana nayo. Hakufichwa, ilisemwa hadharani wakati ambapo kuisema ilikuwa nzito. Tarehe 17 Februari kafariki. Tumemzika hapa kwetu Nyali. Nilikuwepo, niliona wanaume watu wazima wanalia kama watoto. Kila nikiletewa klipu ya mzungu wa kunambia maradhi yale ni hadithi, naikumbuka siku ile na naifuta.

#6 Mzee wa Ng'ambo

Wanangu, haya si mapya, yamebadilika chombo tu. Sisi wadogo tulikatazwa kutoka usiku kwa khofu ya mumiani, ati wananyonya damu za watu kuzifanya dawa. Kila mtu alimjua mtu anayemjua aliyetekwa, na hakuna aliyemuona aliyetekwa mwenyewe. Mwaka 1995 popobawa aliposhuka Pemba na kuvukia Unguja, tukilala nje, majirani wote, moto katikati. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto na nililala nje pia. Siwacheki walioamini. Lakini mnakumbuka kwamba mtu alipigwa na kundi mpaka kufa hapa mjini kwa kudhaniwa ndiye? Alikuwa mgonjwa wa akili, masikini. Hilo silisahau.

#7 Nahodha wa Mkoani

@Mwanachuo, la Itifaki sikulijua, na limenigusa. Nimelisikia mimbarini kwa masikio yangu, tena si mara moja. La 5G na kalenda nakubali. Lakini la kampuni za dawa bado sijakuachia. Kaka yangu kapewa dawa hospitali akazidi kuumwa, na hakuna aliyemsikiliza.

#8 Mkunga wa Chake

@Nahodha, pole na kaka. Usimwachie daktari asiyemsikiliza, mpeleke kwa mwengine, ni haki yake. Ninafanya kazi hii mwaka wa kumi na tano na malalamiko hayo ninayaona mengi ni ya kweli.

@Mwanachuo, nataka nikwambie jambo la haraka kuhusu ami. Presha kwa kawaida haiumi. Mtu anaacha kidonge wiki tatu, anajiona mzima, anasema "aa, kumbe ile klipu kweli." Ndani mishipa inafanya kazi ya punda. Siku ya kuhisi kitu huwa ni kiharusi, au figo. Na ziko dawa za presha ambazo ukiziacha ghafla presha inapanda kwa kasi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Asianze kumeza tena kwa kukisia, wala asiazime vidonge vya jirani. Apimwe kwanza, aseme wazi aliacha lini, na hiyo chupa ya majani aende nayo mkononi waione. Wengi wanaificha kwa aibu. Mwambie hatagombwa. Na akigombwa, aulizie mimi.

#9 Mwanachuo wa Mkunazini

Narudi, na kile nilichotaka kukihakikisha nimekipata.

Nilisema juu ya sauti ya Kiswahili iliyowekwa kwenye klipu. Chini yake Kiingereza bado kinasikika kidogo. Juzi usiku niliweka visikilizio nikairudisha dakika kwa dakika, kisha jana nikamwita rafiki yangu anayewatembeza watalii, Kiingereza ndio chakula chake, tukasikiliza pamoja.

Mzungu hataji vidonge vya presha. Hataji sukari. Hataji dawa ya majani. Dakika zote nne anazungumza kuhusu virusi na minara na watu wanaoitawala dunia. Sauti ya Kiswahili inamfuata dakika mbili za mwanzo, vibaya lakini inamfuata. Kuanzia hapo inamwacha aendelee na yake, na yenyewe inaingiza khabari za presha, kisha chupa, kisha namba ya simu. Mdomo unasema jambo na sauti inasema jambo jengine.

Nilinyamaza muda mrefu. Wiki mbili nzima nilikuwa namtafutia aibu mzee wa Ryde, na yule aliyeyatupa madawa ya ami jaani ni mtu anayezungumza Kiswahili kama mie, pengine kapita chuoni kama mie. Katika sanadi huyu anaitwa majhuli. Hajulikani jina, hajulikani kwao, hajulikani kasoma kwa nani. Sanadi yenye mpokezi dhaifu mmoja huenda ikapata wa kuitetea. Hii ina dhaifu mmoja na majhuli mmoja, na majhuli ndiye muuza duka.

Na namba ile niliipiga. Kapokea kijana, kaniuliza niko wapi na nataka chupa ngapi. Nilipomuuliza nani aliyesoma Kiswahili kwenye klipu, alikata.

Biashara hii huko Marekani ina mkubwa wake, nitamtaja kwa kifupi kwa sababu mambo yake yamepita mahakamani na kila kitu kimeandikwa. Alex Jones, mtangazaji wa Texas. Tarehe 14 Desemba 2012 watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa kwa risasi kwenye skuli ya Sandy Hook, Connecticut. Jones kwa miaka aliwaambia watu kwamba ni mchezo wa kuigiza na wazazi ni waigizaji wa kulipwa. Wazazi waliozika watoto wao wakatukanwa, wakatishwa, wengine wakahama nyumba. Mahakamani ikaonekana kwamba baina ya Septemba 2015 na mwisho wa 2018 duka lake liliingiza dola milioni 165, na sehemu kubwa ya bidhaa zake ni vidonge na unga wa "kuongeza nguvu". Agosti 2022, chini ya kiapo, alikiri kwamba mauaji yale yalikuwa kweli kwa asilimia mia. Hukumu za mwaka ule zilimtaka alipe jumla ya karibu dola bilioni moja na nusu. Na mwaka 2017, kwenye kesi ya kugombea watoto na mtalaka wake, wakili wake mwenyewe aliiambia mahakama kwamba Jones anaigiza.

Khofu kwanza, chupa baadaye. Nilipoyasoma haya niliiona klipu ya ami nzima ndani yake.

@Mkunga wa Chake, Mungu akulipe. Maneno yako nimemsomea mkewe ami kwa simu jana ile ile.

#10 Baraza la Kahawa

Sasa umemwambiaje ami mwenyewe? Hapo ndipo penye kazi. Kijana wangu nikimwambia "huyu muongo" ananambia "baba umeshapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na wao."

#11 Mwanachuo wa Mkunazini

@Baraza la Kahawa, sikumwambia muongo.

Nilipanda boti Alkhamisi, nikafika Wete alasiri. Hatukuizungumza mpaka baada ya maghrib. Akakaa ukumbini pale pale, nikakaa chini, nikamwambia ami nina khabari nimeihifadhi nataka kukusomea. Nikamsomea klipu yote, neno kwa neno, kama ninavyosoma hadithi. Nilipomaliza alinitizama muda, kisha akauliza lile swali lake. Nadhani alijua nilimtega, na aliuliza hivyo hivyo.

Nikamtajia. Golikipa wa Hereford, kisha mtangazaji, kisha yale ya 1991. Nilipofika kwenye lile neno la mwana wa Uungu aliweka tasbihi chini. Hakusema kitu. Kisha nikamwambia, na baina yake na wewe ami yupo mwengine, na huyo simjui. Nikampa visikilizio, nikampa na karatasi niliyoandika Kiingereza na Kiswahili sambamba. Ami Kiingereza cha skuli ya zamani anacho. Aliirudisha ile sehemu ya vidonge mara tano au sita.

Mengi hakunikubalia. Anasema chanjo bado ana shaka nayo, na wakubwa wa dunia ni wale wale hata kama mijusi ni upuuzi. Tulibishana mpaka isha, kwa adabu. Sikushinda hapo na sikwenda kushinda.

Chupa ilikuwa juu ya kabati, imebaki robo. Aliishusha mwenyewe akampa mkewe, akamwambia aifunge kwenye kitambaa isimwagike njiani. Bin ami yangu ana gari, kasema Jumatatu saa moja asubuhi atapita kuwachukua, yeye na chupa yake, kwenda kupimwa.

Aliye na ile klipu kabla haijawekwa Kiswahili, yote, isiyokatwa, naomba aniwekee hapa. Na anayeitambua ile sauti aniandikie faragha.